Sanaa Si ya Mgeni Rasmi

Kikao cha wazazi wa shule ya msingi, iwe Nyanungu au kata nyingine ya huku Tarime, kina jibu moja linalofunga mjadala: ufaulu kwanza. Uliza kwa nini watoto hawachori, hawafinyangi, hawaigizi, utaambiwa shule iko pembezoni, walimu hawatoshi, darasa la kwanza limefurika, na watoto wenyewe wanakuja na Kikurya kitupu. Wajue kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu. Hayo mengine watayakuta mbele ya safari. Wanaosema hivyo wana nia njema, na wengi wao ni walimu waliohangaika na watoto wetu miaka nenda miaka rudi. Lakini hoja yao ni mbovu, na wanaoumizwa nayo ni watoto wale wale inaodai kuwahurumia.

Hoja hiyo ilikotoka kunajulikana. Kuanzia 2010 tathmini za shirika la Uwezo zilituonyesha, awamu baada ya awamu, kwamba watoto wengi wa darasa la tatu nchini hawawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Nchi ilishtuka, na ilikuwa na haki ya kushtuka. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa, ukajengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka uliofuata elimu bila ada ikafungua milango, watoto wakamiminika, na walimu wengi wakajikuta mbele ya darasa ambalo hata majina yake hawawezi kuyashika kichwani. Katika hali hiyo, anayesimama kuzungumzia kuchora anaonekana kama mtu anayedai maua mezani wakati ugali bado uko jikoni.

Ila nani kasema sanaa ni maua? Hapo ndipo hoja nzima inapopindia. Mtoto anayechora anachokijua anamwonyesha mwalimu kilichomo kichwani mwake kabla hajapata maneno ya kukisema. Shule inayoitoa sanaa nje ya masomo haiokoi muda wa kufundisha. Inaendelea kufundisha bila kuona inamfundisha nani.

Chukua mtoto wa darasa la kwanza wa Nyanungu. Kiswahili amekisikia gulioni na redioni, lakini maisha yake yote yamepita katika Kikurya. Mwalimu anamuuliza kwa Kiswahili, kwenu kuna nini? Mtoto kimya. Anaulizwa tena, sauti imepanda kidogo; anatazama vidole vya miguu yake. Mwalimu ameshahukumu: huyu mzito. Sasa mtoto huyo apewe kipande cha chaki na sehemu ya sakafu, au kijiti na vumbi la uwanjani. Atachora zizi, lango la zizi, ng'ombe, na pembeni ndama waliotengwa na mama zao. Ng'ombe watakuwa wakubwa kuliko nyumba, na ana sababu zake. Mwalimu ameshapata habari ambazo maswali kumi ya mdomo yasingempa: kwamba mtoto anahesabu, anatofautisha ndani na nje, anajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Kilichobaki ni kuandika maneno pembeni ya michoro: zizi, ndama, lango. Mtoto anaanza kusoma majina ya vitu alivyoviweka pale kwa mkono wake. Hiyo ni KKK, wala si kitu kingine.

Mkoa wetu wa Mara ulishaionja njia hii. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharamiwa na Uingereza kuanzia 2014, uliuhusisha mkoa huu, na ndani yake kulikuwa na mafunzo ya utayari wa kuanza shule kwa watoto ambao hawakupata darasa la awali. Wasaidizi waliotoka katika jamii zenyewe waliwafundisha kwa hadithi, nyimbo na michezo, na mojawapo ya sababu za kufanya hivyo ilikuwa kwamba Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwa wengi wao. Sikumsikia mtu akilalamika kwamba hadithi na michezo vinakula muda wa KKK. Kisha mtoto anavuka mlango wa darasa la kwanza, na yote hayo yanaachwa nje kana kwamba akifikisha miaka sita au saba akili hubadili namna ya kujifunza.

Najua jibu linalofuata. Mbona sanaa tunayo? Tuna kwaya, tuna ngoma, tuna halaiki, tuna mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kila mwaka, na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umetupa somo kamili la Sanaa na Michezo. Ndiyo, tunavyo. Kwaya ya shule hufanya mazoezi wiki mbili mfululizo mkuu wa wilaya anapotarajiwa kuja kuzindua choo. Akishakata utepe na kuondoka, sanaa inarudishwa kabatini hadi mgeni rasmi mwingine. Sina ugomvi na kwaya. Nina ugomvi na mazoea ya kuiona sanaa kuwa kitu cha kumwonyesha mkubwa, kana kwamba mtoto hana haja nayo siku wakubwa wasipokuja. Na kuhusu somo jipya, nalishangilia kwa mkono mmoja. Kuwa na kipindi chake kwenye ratiba ni hatua, lakini ni rahisi mno kwa mwalimu wa hisabati kusema sasa kuchora kuna mwenyewe, mimi niachieni mwaka wangu wa mtihani. Kipindi cha Sanaa na Michezo kikiangukia Ijumaa mchana, darasa la mtihani likakitwaa kwa majaribio, tutakuwa tumerudi tulipokuwa.

Kuna kundi jingine, hili la walimu wenye bidii, wanaosema wao tayari wanachanganya sanaa na masomo: wanafundisha irabu kwa wimbo, majedwali ya kuzidisha kwa wimbo, sehemu za mwili kwa wimbo. Hapa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi marafiki zangu. Wimbo wa namna hiyo mara nyingi ni kichaka. Watoto themanini wanaimba kwa pamoja, mgeni dirishani anafurahi, na katikati ya sauti hizo kuna watoto ishirini wanaofungua midomo tu. Hawajui wanachoimba na hakuna atakayewagundua, maana kwaya haina sauti ya mtu mmoja. Hadi jaribio la kuandika linakuja. Wimbo umefanya kazi ya kukariri, kazi ambayo fimbo ilikuwa ikiifanya zamani, kwa furaha zaidi bila shaka. Lakini hisabati yenyewe haikuguswa.

Angalia sasa muziki unapofanya kazi ya somo lenyewe. Darasa la tano hufundishwa Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, na kuna mada chache zinazowachanganya watoto kama hiyo, maana jirani yake ni Kigawo Kikubwa cha Shirika na majina hayo mawili yalitungwa, nadhani, na mtu aliyewachukia watoto. Mwalimu aligawe darasa makundi mawili. Mmoja ahesabu kwa sauti, taratibu, kwa mwendo usiobadilika. Kundi la kwanza lipige makofi kila pigo la nne. Kundi la pili likanyage chini kila pigo la sita. Nne, makofi. Sita, mguu. Nane, makofi. Kumi na mbili, kishindo: makofi na miguu kwa pamoja, na darasa zima linacheka kwa sababu hawakutegemea. Watakutana tena 24, kisha 36. Hapo badilisha: miguu iende kila pigo la tano. Mbona sasa wamekawia hadi 20? Weka miguu kwenye nane: mbona wamekutana mapema, pale pale kwenye nane? Swali hilo la mwisho ndilo hisabati, na mtoto aliyekanyaga anaweza kulijibu kwa sababu mwili wake umeshapita pale. Anayekosea anasikika papo hapo, na jirani yake anamsahihisha kwa kiwiko. Watoto hawa ni wa jamii ambayo wanaume wake hucheza wakiwa wamevaa viatu vizito vya mti, na mdundo wa miguu ardhini wameusikia tangu mgongoni kwa mama. Tunawapa KDS kwa namba tupu ubaoni, halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba hisabati ni ngumu kwa watoto wa pembezoni.

Litungu nalo, zeze letu la nyuzi nane, linaning'inia kwenye kuta za wazee, na mada ya sauti katika sayansi inafundishwa kwa kunakili ubaoni kwamba sauti hutokana na mtetemo. Kamba ya mshipi wa kuvulia ikikazwa juu ya ubao na jiwe likasogezwa chini yake, mtoto atasikia sauti ikipanda kadiri kipande kinachotetema kinavyofupishwa. Akifika katikati kabisa atasikia sauti ile ile ya mwanzo, ila ya juu. Kukaza na kulegeza, anajua tayari kama amewahi kumtazama mpigaji akirekebisha nyuzi. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki 2014, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha jiometri iliyo ndani ya vikapu na mikeka ya mafundi wa kawaida, na akaitumia kufundishia walimu. Hakuwa akiremba hisabati kwa utamaduni. Alikuwa akiitoa mahali ilipokuwa imekaa.

Historia na jiografia, huku kwetu, ndiyo aibu kubwa zaidi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka mdomo wa mto Umba pwani hadi ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, pale unapokatwa na latitudo ya nyuzi 1 kusini. Mlima Kilimanjaro walijua kuukwepa. Wakurya hawakuwaona. Ndugu wakabaki huku na kule, na leo wengine ni raia wa Kenya katika kaunti ya Migori. Mtoto wa Nyanungu ana shangazi upande wa pili wa mstari huo, lakini shuleni anaukariri mgawanyo wa Afrika kama jambo lililotokea Berlin kwa watu wasio na sura. Kamba moja ikilazwa katikati ya uwanja, watoto wanne wakiwa familia upande mmoja, watatu upande wa pili, mmoja askari, mwingine mwenye ng'ombe ambao malisho yao yamebaki ng'ambo, utapata maigizo ya dakika kumi na tano ambayo baada yake kila mtoto ana kitu cha kuandika. Atakiandika kwa Kiswahili chenye makosa. Lakini atakuwa na cha kusema, na makosa ya mtu mwenye cha kusema yanasahihishika.

Na ramani? Kata hii inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mabishano juu ya vigingi vya mpaka wake watoto wanayasikia kwenye moto wa jioni. Wangapi kati yao wamewahi kupima kwa hatua njia ya kutoka shuleni hadi mtoni, wakaichora kwa skeli, wakaweka alama ya mti, ya mnara wa simu, ya lambo? Kizazi kitakachoitwa mikutanoni kutazama ramani za wataalamu na kutakiwa kukubali au kukataa kingepaswa kujua, tangu darasa la nne, kwamba ramani huchorwa na mtu, na kwamba anayechora huchagua cha kuweka na cha kuacha.

Sasa niwageukie watetezi wa sanaa wenzangu, maana baadhi yao wananitia hofu kuliko wapinzani. Wanaahidi kwamba mtoto akipiga ala za muziki atafaulu hesabu, akichora atafaulu sayansi. Mwaka 2000 Ellen Winner na Lois Hetland, katika mradi wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichambua tafiti za miongo kadhaa kuhusu dai hilo, na kwa sehemu kubwa hawakupata uthibitisho kwamba kusoma sanaa kunapandisha alama za masomo mengine. Tusifiche. Tukiiuza sanaa kwa ahadi ya ufaulu, siku matokeo yatakaposhuka itakuwa ya kwanza kutupwa. Ila uchambuzi huo huo ulipata kitu kimoja ambacho mwalimu wa Kiswahili wa Tarime angetakiwa kukibandika juu ya meza yake: maigizo ya darasani, watoto wanapoigiza walichosoma, huinua uwezo wao wa lugha. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kwamba watu waliochora kitu kinachotajwa na neno walilikumbuka neno hilo vizuri kuliko waliolirudia kwa kuliandika. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto wa darasa la pili, kwa hiyo nautumia utafiti huo kwa tahadhari. Hata hivyo unanipa ujasiri wa kuhoji mazoea yetu ya kumwandikisha mtoto neno moja mara hamsini.

Wingi wa watoto na uhaba wa vifaa ni hoja nzito, na siwezi kuipuuza. Kufinyanga udongo na watoto mia bila bomba la maji ni kujitafutia balaa, mwalimu asifanye. Lakini watoto mia wanaochora wana kelele kidogo kuliko watoto mia wanaoitikia kwa pamoja, na mwalimu akipita katikati ya mistari akitazama sakafu kwa dakika tano ameshajua nani kaelewa, bila kubeba madaftari mia kwenda nayo nyumbani. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake huzuiwa juu kwa ajili ya vitabu. Hainunui rangi, na sidai inunue. Vumbi, mkaa, makofi, kamba, vijiti na vizibo vya soda havina hati ya malipo. Mwalimu asiyejua kuchora naye asiogope. Mchoro mzuri wa mwalimu ubaoni una hatari yake: darasa zima linaunakili, ua moja lenye petali tano linazaa maua themanini yanayofanana, na hakuna hata mtoto mmoja aliyetazama ua la kweli la mharage ulioota nyuma ya darasa. Kilichokosekana kwa walimu wetu ni ruhusa na mazoezi. Tarime ina chuo chake cha ualimu, Butimba ya Mwanza ina jina katika kufundisha walimu wa sanaa, na vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, vinafanyika shuleni. Kimoja kati ya vikao hivyo kikitumika kufanya lile zoezi la makofi na miguu, walimu wenyewe wakiwa wanafunzi, kitafanya kazi kubwa kuliko semina ya siku tatu hotelini.

Imebaki hoja ambayo hunenwa kwa sauti ya chini, hasa na watu wa kanisa. Ngoma za Kikurya zimefungamana na jando, na jando huku kwetu limefungamana na kukeketwa kwa wasichana. Fungua mlango wa ngoma darasani, wanasema, umeufungulia pia msimu wa ukeketaji wa Desemba. Hofu hii ina mizizi katika maumivu halisi. Kituo cha Masanga, hapa hapa Tarime, kimekuwa kikiwapokea wasichana wanaokimbia kisu, na wanaokimbia hawakimbii hadithi. Kwa hiyo natamka bila kuzunguka: wimbo unaomsifu aliyekatwa na kumtukana aliyekataa hauna nafasi shuleni, hata ukiwa na umri wa miaka mia tatu. Lakini uzi wa litungu hauna kesi ya kujibu. Na kuinyang'anya shule sanaa ni kumwachia ngariba na wapambe wake ngoma yote peke yao, wawe wao tu wenye wimbo, wenye mdundo, wenye sherehe inayomfanya mtoto ajione ni mtu. Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996, waliwapa wasichana wa sekondari maigizo na nyimbo kama chombo cha kutamka yanayowakwamisha masomoni, mbele ya walimu na wazazi ambao wasingewasikiliza vinginevyo. Msichana wa darasa la sita wa Nyanungu anahitaji chombo hicho kabla ya Desemba, tena mkononi mwake mwenyewe.

Mwisho wa yote mwalimu mkuu atanyoosha kidole kwenye mtihani, na hapo nakubali kwamba ana haki kuliko wote. Karatasi za darasa la saba zimejaa maswali ya kuchagua jibu na kusiliba kiduara. Hakuna anayepandishwa cheo kwa sababu watoto wake wamechora ramani ya kijiji. Azimio la Musoma, lililotoka mkoani humu Novemba 1974, lilikemea tabia ya kuutukuza mtihani wa maandishi kupita kiasi, na miaka hamsini baadaye tunapima shule kwa wastani wa kiduara. Lakini mwaka 2027 watoto walioanza mtaala mpya darasa la tatu watamaliza la sita, pamoja na wenzao wa mtaala wa zamani wanaomaliza la saba. Baraza la Mitihani litatunga mitihani ya aina mbili kwa wakati mmoja. Nafasi ya kuweka swali linalomtaka mtoto achore alichokiona na kukieleza kwa sentensi tatu iko wazi sasa, wala haisubiri bajeti. Wazazi wa Nyanungu wanaweza kuidai kwa barua kupitia kamati ya shule. Na mthibiti ubora atakapofika kukagua, kabla hajaimbiwa chochote, aombwe afungue madaftari ya sayansi ya watoto wawili wanaokaa dawati moja, atazame kama michoro yao inatofautiana.